Tupa Pale Palipokuwa na Kibanda cha Chai

Kwanza, viatu. Mwenye raba nyeupe atarudi kwake na raba nyeusi.
Nimemwambia, amecheka. Haya.
Pili, ukingoni mwa shimo hili hakuna swali la kijinga
isipokuwa moja: "Wanakula leo?"
Wakila, utajua.

Wamekuja wanne.
Wanjohi, na ufito wa shilingi elfu arobaini,
kigurudumu chake bado kinanukia duka.
Bi. Syombua, miaka thelathini dirishani pa posta,
hajashika ndoana maishani.
Mutuku mjukuu wake, amekuja kwa kuwa simu imezima.
Na Barasa, mtoto wa Nzoia,
anafunga fundo gizani huku akisimulia habari za shemeji yake.

Chambo ni maini ya soko la Burma, ya tangu juzi,
na kipande cha sabuni ya kufulia.
Msizibe pua. Kambare hana magamba,
huonja kwa ngozi, maji yote kwake ni mchuzi.
Harufu hii ndiyo barua yetu.
"Basi hii imelipiwa stempu," asema Bi. Syombua,
akajifuta vidole kwenye leso.

Husemwa mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.
Njiru hakuna pweza,
na mimi sikuzaliwa mvuvi.
Nilikuwa mponda kokoto.
Miaka sita nilikaa chini hapo, chini kabisa,
kipete cha mpira wa baiskeli kikishika jiwe,
nyundo ikikosa jiwe mara moja moja.
Siku moja baruti ikagusa chemchemi.
Pampu ikakohoa wiki mbili, ikanyamaza,
na maji yakapanda ngazi taratibu
kama mwenye nyumba anayekuja kudai kodi.

Kwa hiyo nikisema tupa pale,
hatua kumi kushoto mwa mwamba wenye rangi nyekundu,
sibahatishi.
Pale palikuwa na kibanda cha Mama Nzilani:
chai, mandazi, madeni yameandikwa ukutani kwa mkaa.
Kambare mkubwa hulala mekoni.
Wadogo hupita barabara ya malori, kwa makundi.
Kule mbali msitupe. Kuna kompresa.
Imekula ndoana zangu kumi na tatu,
na zamani ilikula kidole cha Odera.

Wanjohi akatupa kule mbali.
Kumi na nne.

Barasa alitoa wawili, wa kiganja, akawarudisha
bila kukatiza habari za shemeji.
Ndege za Embakasi zikapita na taa zao,
moshi wa Dandora ukaja, ukaondoka,
Mutuku akapiga miayo mpaka akatia machozi.
Ndipo chelezo cha bibi yake kikazama
bila kuaga.

Usivute, nikamwambia. Mwache aondoke na habari.
Sasa.
Akashika kama ashikavyo mtu kifurushi ambacho ushuru wake haujalipwa,
miguu ameitanua, midomo ameibana.
Hakuuliza kitu. Ufito ulilia, yeye hakulia.
Akapanda mzee wa masharubu manane,
kichwa bapa kama sufuria iliyokaliwa,
akiguna.
Shika nyuma ya miiba ya mapezi. Nyuma. Hivyo.

Tukamtia ndooni, tukageuka kunawa mikono.
Kumbe kambare hufahamu nchi kavu kuliko tudhanivyo.
Mutuku ndiye aliyemwona,
anajikokota majanini kwa viwiko, bila haraka,
kuelekea majini, nyumbani, mekoni.
Kijana akamkimbilia, raba nyeupe zikaisha weupe,
akasimama hatua moja nyuma yake
na asimshike.

Kimya. Wanjohi alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Tukikunja mishipi, Bi. Syombua akanisogelea:
"Nawe ulikuwa na deni pale ukutani?"
Chai mbili, nikamwambia. Mandazi manne.
"Na Mama Nzilani?"
Alihamia Mwala. Sikumlipa.
Akatikisa kichwa, kama mtu wa posta
aliyewahi kuona barua nyingi zikirudi,
akauliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi.